Zeze langu la Dodoma: wiki mbili nilimnunia fundi bure

Haya wakuu, ile rivyuu niliyoahidi ndiyo hii. Zeze limefika toka mwezi wa tatu, nimechelewa kuandika makusudi, maana wiki mbili za mwanzo nilikuwa nimelinunia na ningeandika siku zile ningemchafulia mzee wa watu jina bila sababu. Sasa hivi nalipiga karibu kila jioni na nina ya kusema, mazuri yapo na mabaya yapo, na upumbavu wangu mwenyewe nauweka humu humu ili mwingine asiurudie.

Kwanza tuelewane ni zeze gani. Nazungumzia lile la Wagogo, wenyewe wanaliita izeze, la kusugua kwa upinde. Huku pwani ukimtajia mtu zeze anaweza kufikiria lile la kijiti bapa na kibuyu ambalo unalidonoa kwa vidole, ndugu yake jejy wa Madagaska, na wapo wanaoita zeze kitu chochote chenye uzi, kwa hiyo ukiagiza kwa mdomo tu bila picha usije ukalia. Mi nilituma picha, tena mbili.

Fundi ni mzee mmoja anakaa nje kidogo ya Dodoma mjini, namba yake nilipewa na jamaa aliyepita Bagamoyo pale chuo cha sanaa, TaSUBa. Na kilichonipeleka huko ni sauti, basi. Kama umewahi kusikia rekodi za marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyekuwa Bagamoyo miaka mingi na kuzunguka dunia na ilimba, ile ala ya kudonoa kwa vidole gumba, na zeze lake hadi alipofariki 2003, utanielewa, maana zeze halikai nyuma ya mwimbaji likamsindikiza, linaimba naye, akipanda linapanda, akikohoa unaona kama nalo limekohoa. Mi siyo Mgogo hata kidogo, nimekulia Dar, lakini ile sauti iliniganda toka niko shule ya msingi tukiisikia redioni.

Bei ilikuwa 85,000 zeze na upinde wake, na 7,000 ya basi. Nilituma nusu kwanza, nikasubiri wiki tatu maana mzee alisema ngozi lazima ikauke yenyewe, ukiiharakisha kwa jua kali inapasuka ukilikaza, na nusu nyingine nikamalizia siku aliponitumia video kwa simu ya mjukuu wake, kakaa kwenye kigoda, analipiga zeze langu hilo hilo, linalia mpaka nikapata baridi. Hiyo video ikumbukeni.

Nikaenda kulichukua stendi ya Magufuli pale Mbezi. Limefungwa kwenye sandarusi, lile gunia la plastiki, kamba zimezungushwa mpaka shingoni kama kuku wa sikukuu, na kwa kweli hapo mzee apewe maksi zake zote, kutoka Dodoma mpaka Dar kwenye buti la basi pamoja na magunia ya karanga halikupata hata mchubuko.

Nikalifungulia kitandani. Kibuyu ukubwa wa papai lile kubwa, mdomo wake umezibwa kwa ngozi ya mbuzi na pembeni manyoya mafupi ya kahawia bado yapo, hakuna msumari hata mmoja, ngozi imeshikiliwa na vijiti vidogo vidogo vya mti vilivyochongwa ncha vikapigiliwa kuzunguka, nilivihesabu viko 22 na vyote vimenyooka. Fimbo ya shingo imeingia upande huu wa kibuyu imetokea upande ule. Nyuzi mbili, mshipi wa kuvulia samaki huo huo tunaoujua, mzee anasema zamani walitumia mishipa ya wanyama lakini mshipi haukatiki ovyo. Nyuma ya kibuyu kuna tundu kama kizibo cha soda. Upinde ni fimbo nyembamba iliyokunjwa na kufungwa fungu la katani. Harufu sasa, moshi na mbuzi! Siku tano nzima chumba changu kilikuwa banda, na ninalala humo humo.

Halafu nikaliona. Pale shingo inapoingia kwenye kibuyu kuna donge jeusi limeganda, ukubwa wa kokwa ya embe dodo changa, limejaa vumbi na lina mifereji mifereji kama limekwaruzwa na kitu. Nikajisemea huyu mzee kazi yote nzuri hii halafu gundi imemmwagikia akaona uvivu kusafisha. Nikachukua kisu cha jikoni nikaanza kukwangua, linatoka vipande vipande linang'aa ndani kama chupa ya bia iliyovunjika, nikakwangua mpaka likaisha, pamba na spiriti nikamalizia doa lililobaki. Safi kabisa. Nikapiga picha nikaweka status.

Nikakaa kitandani nikalipakata nikavuta upinde.

Kimya. Siyo kimya kabisa, lilitoa shhhh, kama mtu anafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa nyumba ya tatu kutoka kwako. Nikakandamiza, shhhh kubwa zaidi. Nikakaza nyuzi, nikalegeza, nikageuza upinde, shhhh ile ile. Nikafungua video ya mzee nikaangalia tena, linalia. Nikaangalia manyoya ya pembeni nikilinganisha na ya kwenye video, nikaanza kuamini nimebadilishiwa mzigo, kwenye video kapiga la kwake zuri na mi nimetumiwa la kuuzia watalii.

Siku ya pili yake nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nikaona katani za upinde ziko kavu sana, nikasema labda zimekauka njiani, nikazipaka mafuta ya nazi. Hapo hata ile shhhh ikaondoka, upinde ukawa unateleza juu ya uzi kama sabuni kwenye vigae. Nikalitundika ukutani nikamwandikia mzee meseji ndefu ambayo leo sitaki kuisoma. Hakujibu, kumbe simu ni ya mjukuu na mjukuu yuko bweni. Wiki mbili nimenuna na zeze linaniangalia.

Mjukuu alivyofunga shule ndiyo mzee akanipigia mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, mbukwa (salamu yao Wagogo), habari za Dar, watoto, kazi, mvua zinanyesha? Mi nimejiandaa kugomba na yeye ananiuliza mvua. Mwisho nikasema mzee zeze halilii. Akauliza, "Umesugua upinde kwenye ile nyeusi?"

"Nyeusi ipi?"

"Ile nyeusi pale shingoni kwenye kibuyu."

Nikanyamaza. "Ile nimeikwangua mzee."

Naye akanyamaza, muda mrefu tu, nikasikia kuku wanapita upande wa kwake. Halafu akacheka jamani, akacheka akamwita mtu akamweleza kwa Kigogo, huyo mtu naye akacheka, sijui walikuwa wangapi pale uani lakini wote walicheka. Aliporudi hewani akasema, "Mwanangu, umemkata zeze ulimi ukamsafisha na spiriti."

Lile donge ni ulimbo. Utomvu wa mti uliochemshwa ukagandishwa pale pale kwenye chombo ili mpigaji asihangaike kuutafuta, kila baada ya muda anapitisha upinde juu yake, kwaru kwaru, anaendelea na wimbo wake, na ile mifereji niliyoiona ilikuwa alama ya mzee kuujaribu kabla hajautuma. Video ndiyo zeze langu hilo hilo.

Mshkaji wangu mmoja anapiga fidla kwenye kikundi cha taarab ndiye aliyenielewesha vizuri, naye alicheka lakini kistaarabu. Anasema fidla mpya ya dukani ikija na upinde mpya ambao haujapakwa rozini, ndiyo ulimbo wa fidla, nayo ni bubu vile vile, watu wanarudisha dukani wanasema mbovu, na rozini yenyewe iko mle mle kwenye kava imefungwa kwenye kitambaa wanadhani ni sabuni. Kumbe uzi haulii kwa kusuguliwa tu. Unalia kwa kushikwa na kuachiwa. Katani ikiwa na ulimbo inaunata uzi, inaondoka nao pembeni, uzi ukishakaza sana unachoropoka unarudi kwake, unanaswa tena, unachoropoka tena, na hayo yote mara mamia kwa sekunde moja, kwenye fidla uzi wa A unatakiwa mara 440. Kuna Mjerumani anaitwa Helmholtz, karne ya 19 huko, aliutazama uzi kwa hadubini ukipigwa kwa upinde akakuta haupepesuki kama kamba ya kuruka watoto jinsi macho yanavyotudanganya, una kona moja kali inayokimbia toka mwisho huu mpaka ule na kurudi. Bawaba ya mlango ikikosa mafuta inalia kwa sababu hiyo hiyo, breki za daladala hivyo hivyo. Sasa fikiria mimi nilichukua kitu ambacho kazi yake ni kunata nikakipaka mafuta ya nazi.

Kichekesho kingine nilikuja kukistukia baadaye. Sandarusi, ile iliyofungiwa zeze, kabla haijawa jina la gunia ni jina la utomvu, ule mgumu wa zamani uliokuwa unachimbwa ardhini huku pwani, unapelekwa Unguja na kupakiwa meli mpaka Salem kule Marekani wakatengenezee vanishi. Yaani mzigo umekuja umeandikwa jibu kwa nje.

Kulitengeneza haikuwa gharama. Mshkaji alinimegea kipande cha rozini kilichovunjika, kinafanya kazi vizuri kabisa maana nacho ni utomvu wa msonobari uliotolewa tapentaini, na misonobari si inagemwa hapo hapo Mufindi, Sao Hill, sema rozini ya madukani inakuja toka nje. Niliiyeyusha kidogo kwenye kijiko juu ya jiko nikaidondoshea pale pale lilipokuwa donge la mzee. Tahadhari, inashika moto hiyo, usifanye kwenye jiko la gesi na mapazia karibu, mi nilitumia mkaa nikakaa nje. Katani zilizoingia mafuta hazikufaa tena, nilijaribu kuziosha kwa sabuni zikawa kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, nikazitupa. Nikapita kwa fundi wa gypsum mtaa wa nyuma, wale wanachanganya katani na unga wao wa dari, akanipa fungu zima bure, nikachambua nyuzi ndefu nikazifunga. Hapo mzee akaniambia kwenye simu kwamba babu zake walitumia nyuzi za porini, na ina maana, mkonge huu wa mashambani aliuleta Mjerumani Hindorf Tanga mwaka 1893, miche 1,000 toka Florida ikafika hai 62 tu, kwa hiyo upinde wa kabla ya hapo haukuwa na katani hii.

Nikapitisha upinde mara kama ishirini kwenye ulimbo mpya, vumbi jeupe likatoka, nikavuta.

Aisee.

Sauti imebana, ina kwikwi, kama mtu mwenye mafua anayejua kuimba. Haijanyooka kama fidla na ukitaka inyooke umenunua kitu kisicho chako. Ukiweka lile tundu la nyuma wazi inatoka pana, ukiligandamizia tumboni inaingia ndani inakuwa nzito, kwa hiyo unaweza kuisemesha "wau wau" kwa kusogeza tumbo, na ukishakula ugali vizuri inabadilika, sitanii. Shingoni hakuna ubao wa kukandamizia uzi, unaugusa kwa ubavu wa kidole ukiwa hewani, vidole viliniuma siku nne halafu vikazoea. Wiki ya kwanza ya kupiga mama mwenye nyumba alinigongea saa mbili usiku, shikamoo mama, marahaba, akaniambia we kijana huo mlango wako utie mafuta unatukosesha taarifa ya habari. Sikumwambia, nilimwitikia tu haya mama.

Sasa mapungufu, maana siyo kwamba kila kitu ni cha kusifu.

Hali ya hewa ya Dar hailipendi. Limezaliwa Dodoma kukavu, hapa masika yakianza ngozi inalegea, sauti inakuwa ya ndani ya gunia, asubuhi yenye mvua halifai kabisa. Nalisogeza karibu na jiko la mkaa, siyo juu yake, dakika kama kumi huku naigonga ngozi kwa kidole mpaka isikike kama ngoma na siyo kama ndala, ndiyo napiga. Kama unakaa Tanga, Mombasa au Unguja jiandae na hilo, na usiliache kwenye gari limeegeshwa juani, huko ni kinyume chake, litapasuka.

Masikio ya kukazia nyuzi yanateleza. Unakaza, unapiga wimbo mmoja, uzi umeshuka. Nimeyapaka chaki ya ubaoni yameshika afadhali lakini mzee angeyachonga mapana kidogo ningefurahi, nimemwambia, akasema "nimesikia" kwa ile sauti ya mtu ambaye hatabadilisha kitu.

Kuhusu kutyuni, usijisumbue na apu ya simu. Mi nilihangaika nayo jioni nzima, sindano inakaa katikati ya noti na noti inatetemeka pale kama haijaamua. Noti za Kigogo hazikupangwa kwenye kinanda, zinatoka kwenye sauti zile za juu ambazo uzi wenyewe unazo ndani yake, zile unazozipata ukiugusa uzi kidogo bila kuukandamiza, na ndiyo maana waimbaji wao wakiunganisha sauti nne tano unasikia kitu ambacho kwaya ya kanisani kwako haina. Tyuni uzi mmoja kwa koo lako, wa pili uufuatishe huo wa kwanza kwa sikio. Ikikushinda muimbie fundi kwenye simu, mi nimefanya hivyo mara mbili na hakulipisha.

Na la mwisho kwenye lawama: maelezo hakuna. Hata karatasi moja. Mzee anachukulia kwamba mtu anayenunua zeze kakulia kwenye nyumba yenye zeze, ambayo kwake ni kweli miaka yote, lakini wateja wa siku hizi ndiyo sisi, watu wa status.

Wengine wananiuliza kwa nini nisinunue fidla tu ya Kichina. Fidla za bei ya chini kabisa madukani hapa zilikuwa mara tatu ya hela niliyotoa, nyuzi nne, upinde wa singa za mkia wa farasi zaidi ya mia, na bila mwalimu miezi sita utakuwa unapiga hiyo bawaba ya mlango. Fidla nzuri, siikatai, bila fidla taarab ya Unguja isingekuwa ilivyo, toka kikundi cha Ikhwani Safaa kinaanza 1905 mpaka leo zile fidla zikiingia pamoja ukumbini unasikia nywele za mkononi zinasimama. Lakini mi napiga peke yangu chumbani nikijiimbia. Mtu wa namna hiyo nyuzi mbili zinamtosha, Waganda na endingidi yao na Wajaluo na orutu yao wamemaliza kazi zote na uzi mmoja. Orutu nimewahi kuishika Kisumu, ina ngozi ya kenge na inapiga kelele kuliko hili langu kwa mbali, kama unataka la kuchezesha watu nenda na hiyo. Zeze ni la watu watatu wanaoota moto.

Maksi nalipatia nne kwa tano. Moja nimekata ya masikio na ya ile karatasi, kule kukwangua sijamkatia mtu maana hakuna wa kukatiwa ila mimi. Ukitaka kuagiza, namba ya mzee siweki humu mpaka mjukuu arudi likizo nimwombe ruhusa, lakini subira uwe nayo, anatengeneza moja moja na msimu wa kilimo hatengenezi kabisa.

Mwezi uliopita nimeagiza la pili, zawadi ya mjomba wangu anayestaafu. Limefika Mbezi juzi, sandarusi ile ile, kamba zile zile. Karatasi ya maelezo hakuna, kama kawaida. Ila kwenye kibuyu, chini ya lile donge jeusi, kuna mshale umechomwa kwa chuma cha moto na neno moja kwa herufi kubwa: USIKWANGUE.